Chaguo la 2 na la 12: Stroud, Anderson, au tuiuze nafasi? (Texans, drafti ya 2023)

Baba Zuhura (Alief, Houston), 15 Aprili 2023

Wakuu, salaam. Zimebaki siku 12 kabla ya drafti ya Kansas City, pale timu za ligi ya futiboli ya Marekani (NFL) zinapochagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, na kila nilikopita wiki hii, kwa kinyozi, kazini, hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, swali ni moja: sisi Texans, timu ya Houston, chaguo la 2 tulifanyie nini? Nimeona tufungue uzi mmoja tuwapime wachezaji wenyewe, maana mabishano mengi ninayoyasikia ni ya majina ya vyuo tu.

Kwa waliojiunga karibuni: msimu uliopita tulishinda 3, tukapoteza 13, tukatoka sare 1. Timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huchagua kwanza, na namba moja ilikuwa mikononi mwetu mpaka jioni ya 8 Januari kule Indianapolis. Dauni ya 4, yaani jaribio la mwisho, yadi 20 za kutafuta, kwotabeki wetu (mrushaji anayeongoza mashambulizi) Davis Mills akaurusha mpira mbali, Jordan Akins akaudaka ndani ya eneo la kufungia, tachidauni. Tukaenda kutafuta pointi 2, Akins tena. 32 kwa 31. Niliruka sebuleni, kisha nikakaa kimya nilipoelewa kwamba ushindi ule umewapa Chicago namba moja. Kocha Lovie Smith alifukuzwa usiku ule ule. Chicago nao mwezi Machi wakaiuza kwa Carolina, wakapewa chaguo la 9, la 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025 na mdakaji DJ Moore. Mtu hatoi vitu vyote hivyo aende kuchukua beki. Carolina wanachukua kwotabeki, na karibu kila anayefuatilia anasema ni Bryce Young wa Alabama. Kwa hiyo Young tumwache. Ana akili ya mchezo ya ajabu na alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya 2021, lakini kwenye vipimo alitoka futi 5 na inchi 10, na sitaki kubishana kuhusu kimo cha mtu ambaye hatutamfikia.

Anayebaki ni C.J. Stroud wa Ohio State, na mimi nasema wazi kwamba ndiye ninayemtaka. Miaka 2 akiwa wa kuanza ametupa tachidauni 85, pasi zilizodakwa na wapinzani ni 12 tu. Ana futi 6 na inchi 3. Mpira wake unatoka mkononi umetulia, hautikisiki, unamfikia mdakaji pale pale anapotaka kugeuka. Kilichonishika zaidi ni nusu fainali ya 31 Desemba, Atlanta, dhidi ya Georgia. Watu walikuwa wanasema kijana huyu hawezi kukimbia na hawezi kucheza akibanwa. Usiku ule alibanwa kweli kweli na safu yenye akina Jalen Carter, na alitupa yadi 348 na tachidauni 4. Mdakaji wake mkubwa, Marvin Harrison Jr., alitolewa akiwa ameumia kichwa. Stroud akaendelea. Mwishoni akakimbia mwenyewe yadi 27 akaisogeza timu mpaka mahali pa kupiga mpira wa ushindi, mpigaji akakosa. Wakafungwa 42 kwa 41. Georgia hao hao siku 9 baadaye waliwafunga TCU 65 kwa 7. Hebu fikirini, yule aliyewafikishia 41 ndiye tunayeambiwa hana moyo.

Chaguo jingine ni Will Anderson Jr., mwindaji wa makwotabeki kutoka Alabama. Miaka 3 chini ya Nick Saban amewalaza makwotabeki, yaani kuwaangusha kabla hawajarusha, mara 34 na nusu. Tuzo ya Nagurski ya mlinzi bora wa vyuo kaichukua mara 2 mfululizo. Simpingi hata kidogo kama mchezaji. Hoja yangu ni kwamba mwindaji mzuri unaweza kumpata hata kwenye chaguo la 12, tulilopewa na Cleveland kwa ajili ya Deshaun Watson, kwotabeki wetu wa zamani, ila kwotabeki wa kweli hapo kwenye 12 hayupo.

Kwotabeki mwingine, Anthony Richardson wa Florida: mwili wa kushangaza, pauni 244 na anakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.43. Lakini ameanza mechi 13 tu chuoni, na karibu nusu ya pasi zake za mwaka jana hazikufika. Will Levis, kwotabeki wa Kentucky, sina la kusema, kwangu hayumo kwenye namba 2.

Na wapo wanaosema tuiuze nafasi, tushuke, tukusanye machaguo mengi. Wajitokeze hapa watetee hoja yao.

Mwana wa Kojani, 15 Aprili

Sheikh Baba Zuhura, ahsante kwa uzi. Mie nakupinga kwa heshima zote.

Tazama nani kocha. DeMeco Ryans ni mtu wa ulinzi. Alichaguliwa na Texans hawa hawa mwaka 2006, nafasi ya 33, akawa mlinzi bora chipukizi wa ligi nzima. Ametoka San Francisco ambako ulinzi wake ulikuwa moto. Sasa anakuja kwenye timu ambayo mwaka jana ilikuwa ya mwisho kabisa kwa kuzuia mbio: yadi 170 kila mechi zilikimbiwa juu yetu. Mia na sabini! Mkimbiaji yeyote aliyekuja Houston alirudi kwao na hadithi. Hapo utamwekea kocha kwotabeki chipukizi akae benchi anatazama wapinzani wanakula dakika?

Mwaka huo huo wa 2006 tulikuwa na namba moja. Mji mzima ulimtaka Vince Young, mtoto wa hapa Houston, aliyetoka kuipa Texas ubingwa. Wengine wakamtaka Reggie Bush. Timu ikamchukua Mario Williams, mwindaji. Watu walikasirika mpaka wakatoa machozi. Mwaka wa 2 Mario akalaza makwotabeki mara 14. Vince hakudumu. Na 2011 walimzomea J.J. Watt alipotajwa! Watt ambaye baadaye alikuwa mlinzi bora wa ligi mara 3. Mashabiki tuna tabia ya kumtaka anayerusha mpira na kumdharau anayepigana chini.

Anderson ni nahodha. Saban hamsifu mtu ovyo, na huyu alimsifu. Mpe DeMeco silaha anayoijua kuitumia.

Mgeni wa Dallas, 15 Aprili

Wazee, mnisikize mimi niliye mbali kidogo lakini moyo uko Houston.

Mwana wa Kojani amesimulia 2006 nusu. Nusu ya pili ni hii: Desemba ya mwaka huo Vince Young alikuja hapa na jezi ya Tennessee, mechi ikaenda muda wa nyongeza, akakimbia yadi 39 akatumaliza mbele ya watu wake. Nilikuwa uwanjani na shemeji yangu. Kelele za watu wa Houston wakimshangilia mpinzani sijazisahau hadi wa leo. Kweli Vince hakudumu, lakini siku ile ilituonyesha maana ya kumwachia jirani mtu uliyekuwa na uwezo wa kumchukua.

Sasa tazama mpangilio. Baada yetu ni Arizona, nafasi ya 3, wao wana kwotabeki wao, Kyler Murray. Nafasi ya 4 ni nani? Indianapolis. Wako kundi moja na sisi, tunakutana mara 2 kila msimu, na wanatafuta kwotabeki tangu Andrew Luck astaafu 2019. Kila mwaka wanaleta mzee mwingine: Rivers, Wentz, Ryan. Tukimpita Stroud, huyo atavaa kiatu cha farasi cha Indianapolis kwenye kofia na atatutesa miaka 10. Jacksonville tayari wana Trevor Lawrence. Tutakuwa sisi tu na Anderson wetu tunakimbiza makwotabeki wa watu.

Hesabu ya pesa pia muiweke. Chipukizi wa namba 2 analipwa takriban dola milioni 36 kwa miaka 4 yote. Kwotabeki mkongwe wa kawaida siku hizi anachukua hizo kwa mwaka mmoja. Ukimpata mzuri kwa mkataba huo, pesa inayobaki unanunua nusu ya ulinzi.

Papa wa Bukavu, 16 Aprili

Papa Zuhura, aksanti kwa kutualika. Miye ndiye yule wa kuuza nafasi, basi nijitetee.

Miye nilifika Houston 2002, mwaka timu ilipoanza. Chaguo la kwanza kabisa katika historia yetu lilikuwa kwotabeki, David Carr. Kijana mzuri, mkono mzuri. Msimu wa kwanza alilazwa chini mara 76. Hiyo ni rekodi ya ligi na bado haijavunjwa. Nilikuwa sijaelewa sheria za mchezo huu hata kidogo, lakini nilielewa kwamba mtu yule anapigwa. 2005 tena mara 68. Alipoondoka alikuwa anarusha mpira kama mtu anayesikia hatua nyuma ya mlango. Ndiyo maana kila nikisikia “kwotabeki kwanza” mwili unasisimka.

Jenga nyumba kuanzia msingi. San Francisco walitoa machaguo 3 ya raundi ya kwanza wapande kumchukua kwotabeki Trey Lance, namba 3 ya 2021. Msimu uliopita nani aliwafikisha nusu fainali? Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa, nafasi ya 262! Kwa sababu ukuta wa kumlinda kwotabeki upo, wadakaji wapo, ulinzi wa DeMeco upo. Kwotabeki aliwekwa ndani ya nyumba iliyokwisha.

Tuiuze namba 2 kwa mtu mwenye njaa, tushuke kidogo, tupate machaguo ya mwaka huu na mwaka ujao.

Baba Zuhura, 16 Aprili

Papa, ya Carr inaniuma hata mimi. Ila ukuta wa leo si ule wa 2002. Laremy Tunsil ametia saini tena mwezi uliopita, miaka 3, dola milioni 75. Upande wa kulia yupo Tytus Howard. Shaq Mason ameletwa kutoka Tampa Bay. Kenyon Green ana mwaka mmoja. Dameon Pierce alikimbia yadi 939 kwenye mechi 13 tu nyuma ya ukuta huu huu. Msingi umeanza kupanda.

Na kuhusu Purdy: je, tungojee bahati ya 262? Timu ngapi zimengojea bahati hiyo zikazeeka nayo?

Binti Pwani (Katy), 17 Aprili

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Huwa nasoma tu, leo nimeona niandike kwa sababu jambo moja halijaguswa: mwalimu wa mashambulizi ni nani na anafundisha nini.

Bobby Slowik katoka San Francisco pamoja na DeMeco. Ule mtindo wao hauhitaji kwotabeki wa kukimbia huku na huko akitafuta miujiza. Unahitaji mtu wa saa. Kwotabeki anajifanya anampa mkimbiaji mpira, walinzi wa kati wanasogea mbele, nyuma yao panabaki uwazi wa yadi 10 hadi 20 kwa sekunde moja hivi. Mpira lazima uwe umeshatoka mkononi kabla mdakaji hajageuka. Mwanangu anacheza shuleni hapa Katy, nimekaa naye tukatazama mechi nzima nzima za Stroud na Richardson, si vipande vya mitandaoni. Stroud anafanya hilo kila mechi. Anarusha mahali ambapo bado hapana mtu. Richardson anasubiri amwone mdakaji yuko huru ndipo arushe, na kwa nguvu za mkono wake mara nyingine inatosha, lakini kwa mtindo wa Slowik atachelewa.

Udhaifu wa Stroud nao niuseme. Kule Ohio State alikuwa na wadakaji wa ajabu. 2021 alikuwa na Garrett Wilson, Chris Olave na Jaxon Smith-Njigba kwa pamoja! Wilson na Olave wote walichukuliwa raundi ya kwanza mwaka jana. Hapa tumemuuza Brandin Cooks kwenda Dallas, tuna Nico Collins ambaye bado hajakaa msimu mzima bila kuumia, Robert Woods mwenye miaka 31, na Dalton Schultz. Hatakuta watu huru yadi 3 kila upande. Kwa hiyo nikiulizwa chaguo la 12 nifanye nini, nasema mdakaji. Smith-Njigba akiwepo, nampa Stroud rafiki yake.

Mwana wa Kojani, 17 Aprili

Binti Pwani, maelezo yako mazuri wallahi. Lakini umeuacha ulinzi wa yadi 170 vile vile ulivyo! 12 unampa mdakaji, 2 kwotabeki. Nani atamzuia Derrick Henry? Yule mkimbiaji wa Tennessee mara nyingi akituona anapita yadi 200.

Papa wa Bukavu, 17 Aprili

Hapo niko na Mwana wa Kojani. Henry ametufanya vibaya miaka na miaka.

Mgeni wa Dallas, 18 Aprili

Henry ana miaka 29. Stroud ana 21. Mnachagua mtu wa kumzuia mkimbiaji anayeelekea ukingoni?

Mwana wa Kojani, 25 Aprili

Naurudisha uzi juu. Mmesoma habari ya jana na leo? Kuna mtihani unaitwa S2, wa kupima jinsi akili ya mchezaji inavyosoma vitu kwa haraka. Imevuja kwamba Stroud amepata 18 kwa mia, na Young amepata juu ya 90. Sisemi nafurahi. Nasema namba kama hii meneja mkuu Nick Caserio hawezi kuifumbia macho, na wapo wanaosema sasa Anderson ana nafasi kubwa ya kuwa wa 2.

Binti Pwani, 25 Aprili

Mjomba, niwie radhi, hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kumvujishia kijana wa miaka 21 matokeo yake ya mtihani siku 2 kabla ya siku kubwa ya maisha yake ni jambo baya. Sisi tulio na watoto tuone aibu kulibeba. Nani kavujisha? Aliyevujisha anapata nini akishuka? Timu iliyoko nyuma yetu inafaidika, sivyo?

Mtihani unapima macho na vidole mbele ya kompyuta. Georgia walimpima mbele ya watu zaidi ya elfu 70. Anatazama kushoto, beki wa nyuma anamfuata, mpira unakwenda kulia. Hiyo ndiyo kasi ya akili tunayoitafuta, na ipo kwenye mkanda, kila mtu anaweza kuiona. Ninaomba kila anayetaja 18 aseme kwanza ameitazama mechi ile mara ngapi.

Mwana wa Kojani, 25 Aprili

Umenena. Nimeitazama mara moja. Usiku huu nitaitazama tena.

Baba Zuhura, 26 Aprili

Usingizi umenipotea. Leo wanasema labda tunamchukua Tyree Wilson wa Texas Tech. Kesho asubuhi watasema mwingine. Tulishabadilisha makocha 3 kwa miaka 3: Culley mwaka mmoja, Lovie mwaka mmoja, sasa DeMeco. Misimu 3 tumeshinda mechi 11 kwa jumla. Binti yangu Zuhura ana miaka 9, hajawahi kuiona timu hii ikiwa na mtu ambaye mji mzima unamtazama na kuamini kwamba mechi bado ipo. Watson alikuwa mtu huyo kwenye mpira, na ilivyoishia, kwa zile tuhuma za wanawake, sote tunajua, sitaki hata kuyarudia. Nataka kijana ambaye Zuhura anaweza kuvaa jezi yake nami nisione haya.

Mwana wa Kojani, 26 Aprili

Nimeitazama tena, yote. Robo ya 3 na ya 4 nimezirudia. Bado nampenda Anderson. Lakini nimeelewa kwa nini mnalia na Stroud.

Mgeni wa Dallas, 27 Aprili, saa 1 usiku

Carolina: Bryce Young. Kama tulivyosema. Saa yetu imeanza kuhesabu.

Baba Zuhura, 27 Aprili

STROUD. STROUD! Nyumba nzima tumesimama. Zuhura analia na hajui kwa nini analia. Alhamdulillah.

Binti Pwani, 27 Aprili

Nimemkumbatia mwanangu mpaka akaniambia mama niachie. Mungu ni mwema.

Mwana wa Kojani, 27 Aprili

Hongereni. Mwenyezi Mungu ampe afya. Basi Anderson anakwenda zake.

Mgeni wa Dallas, 27 Aprili

Ngojeni ngojeni. Arizona wameuza namba 3. WAMETUUZIA SISI.

Mwana wa Kojani, 27 Aprili

Will Anderson! Wallahi siamini. Wote wawili! Nimepiga simu Unguja nimewaamsha watu kule, kwao bado ni usiku, nawaeleza na hawaelewi hata ninazungumza nini, ila wananipongeza.

Papa wa Bukavu, 27 Aprili

Niwaulize bei. Bei ni nini?

Mgeni wa Dallas, 27 Aprili

Tumewapa Arizona chaguo la 12, la 33, raundi ya kwanza ya 2024 na raundi ya tatu ya 2024. Wao wametupa la 3 na la 105.

Papa wa Bukavu, 27 Aprili

Raundi ya kwanza ya 2024 ni ipi? Ile ya Cleveland tuliyopewa kwa ajili ya Watson, au ya kwetu wenyewe?

Mgeni wa Dallas, 27 Aprili

Ya kwetu, Papa. Ya Cleveland tumebaki nayo.

Papa wa Bukavu, 28 Aprili, alfajiri

Nimekaa mpaka sasa sijalala. Sitaki kuwaharibia furaha, ninyi ni ndugu zangu, na vijana hawa wawili nitawashangilia. Lakini lazima niseme.

2017 tulipanda kumchukua Watson, tukawapa Cleveland raundi yetu ya kwanza ya 2018. Tulisema tutakuwa wazuri, itakuwa nafasi ya 25 hivi. Watson akaumia goti, timu ikaanguka, ikawa nafasi ya 4. Wakamchukua Denzel Ward. 2019 tukawapa Miami raundi 2 za kwanza na moja ya pili kwa ajili ya Tunsil. Tukasema tena tutakuwa wazuri. Ile ya 2021 ikawa nafasi ya 3, na ndiyo hiyo hiyo Miami waliyowauzia San Francisco wakamchukua Lance. Mara 2 tumeuza mwaka ujao kwa kuamini kwamba mwaka ujao utakuwa mzuri. Leo timu iliyoshinda mechi 3 imeuza tena ya kwake, yenyewe, na ya Cleveland, timu iliyo bora kuliko sisi, ndiyo tumeiweka. Tukishinda 4, Arizona watachagua miongoni mwa watano wa kwanza, na ni mali yetu.

Namwombea Caserio awe ameona kitu nisichokiona.

Baba Zuhura, 28 Aprili

Papa, sina jibu la haraka. Maumivu hayo ni ya kweli. Ninachokiona mimi ni kwamba DeMeco kachaguliwa kwa mkataba wa miaka 6, na usiku mmoja kapewa nahodha wa kila upande. Tungoje Septemba.

Papa wa Bukavu, 22 Januari 2024

Ndugu zangu, nimeutafuta uzi huu makusudi.

Nililala nikiihesabu ile raundi ya kwanza mwaka mzima. Tulipopoteza mechi 2 za mwanzo niliandika namba 3 kwenye karatasi nikaibandika jikoni. Kisha 5 Novemba wakaja Tampa Bay. Stroud akarusha yadi 470, tachidauni 5, ya mwisho kwa mdakaji Tank Dell zikiwa zimebaki sekunde 6. Niliibandua karatasi usiku ule. Mke wangu ni shahidi.

Stroud ameumaliza msimu na yadi 4,108, tachidauni 23, zilizodakwa na wapinzani 5 tu. Na mechi ya mwisho ilikuwa wapi? Indianapolis, uwanja ule ule wa Mills na Akins. Mchezo wa kwanza kabisa, yadi 75 kwa Nico Collins. 23 kwa 19, tukaingia mtoano. Anderson amelaza makwotabeki mara 7 na ulinzi wa mbio sasa ni miongoni mwa bora, Mwana wa Kojani hilo ni lako, ulilisema kabla ya sote. Kwenye mtoano, 13 Januari, Cleveland walikuja hapa, tukawafunga 45 kwa 14.

Juzi Baltimore wametutoa, 34 kwa 10, imeniuma. Lakini nimetazama orodha. Chaguo letu lililokwenda Arizona limetua nafasi ya 27. Ishirini na saba.

Na ile ya Cleveland, kwa kuwa tumewatoa wenyewe mapema, ni nafasi ya 23, ni yetu. Papa Zuhura, tufungue uzi mwingine. Miye nasema mlinzi wa pembeni, wa kukaa upande wa pili wa Stingley.

Baba Zuhura, 22 Januari 2024

Papa, Zuhura amevaa jezi namba 7, ya Stroud, leo shuleni. Uzi mpya naufungua usiku huu nikitoka kazini. Binti Pwani atakuja kudai mdakaji, jiandae.